Meno ya Wafula

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu huko Butali, katika boma lake mwenyewe, karibu kabisa na mahali miwa inapoanzia. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mawe ya msingi wa nyumba ya jirani. Kila aliyepewa kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mama wa watu wote, kwamba mlango wake haukujua kufungwa, kwamba wake wa wanawe aliwachukua kama mabinti wa tumbo lake. Mimi ndiye mke wa mwanawe wa kiume wa pekee, kwa hiyo huo wingi sijui waliutoa wapi. Mwanangu Wafula, ambaye sasa ni mwanamume wa ndevu, alimlilia nyanya yake mpaka wakamshika mabega. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema tunamshukuru Mungu kwa maisha yake marefu, nikaketi. Jioni, tukiwa tunakula na mikono ina harufu ya udongo bado, Wafula aliniuliza, "Mama, hata chozi moja? Moja tu la heshima?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Sikuweza kumweleza pale, mbele ya mashangazi na sahani za pilau, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kisa. Namwandikia hapa. Akitaka kusoma atasoma, asipotaka shauri yake.

Sitaeleza nilivyokutana na baba yake wala mazungumzo ya mahari, hayo ni ya watu wengine kusimulia. Naanzia mwaka ambao Wafula alizaliwa. Simiyu, mume wangu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtoto akiwa bado hajakaza shingo alipata kazi ya mkataba Naivasha akaenda. Nyumba yetu ilikuwa nguzo na mabati ya juu tu, kuta hazijakandikwa, basi nikaachwa kwa mama yake. Nyumba yake ilikuwa na sebule yenye makochi ya mbao yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, ambavyo mimi ndiye niliyevifua na kuvitia wanga, lakini ambavyo sikukalia. Hakuna aliyenikataza kwa mdomo. Nilipokaribia kochi, mama alikuwa akivuta kitambaa kukinyoosha, nami nikaelewa, nikapita moja kwa moja hadi jikoni. Jiko lilikuwa nje, la udongo, na ndani yake kulikuwa na kigoda changu, moshi, na Nelima, wifi yangu, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mume wake na kuleta mdomo wake wote. Jina langu hawakulitumia. Waliniita Mautuma, kwa sababu nilitoka Mautuma. "Mautuma, kuni." "Mautuma, mtoto wako analia." Kiwanda cha sukari kilipokuwa kikisaga, harufu ile nzito ya miwa iliyochemshwa iliingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye nepi zilizoanikwa, na hadi leo nikiisikia nikiwa barabarani kuelekea Webuye, mdomo wangu unakauka.

Siku Wafula aliponiuma mara ya kwanza nilikuwa kwenye kigoda hicho, mchana, Nelima akisonga obusuma, ugali wetu. Mtoto alikuwa ameshiba, ananichezea tu, macho yanazunguka yakifuata moshi. Halafu akafunga taya. Mwanamke aliyewahi kuumwa huko anajua, na asiyejua siwezi kumfanya ajue. Nilipiga ukelele, nikamvuta mtoto kwa nguvu, na kumvuta ndiko kulikonichana. Bakuli la mboga ya mrenda lilimwagika miguuni. Mama mkwe alitokea mlangoni akiwa na jembe mkononi. Nilitegemea pole. Hata mbwa akikanyagwa mtu husema pole. Yeye aliuliza, "Ameuma?"

"Ameuma, mama. Anaota meno."

Hakuangalia kifua, ingawa damu ilikuwa inaonekana kwenye blauzi. Aliangalia tumbo. Aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akaniambia polepole, "Mtoto haumangi bure," akarudi shambani.

Kesho yake ndipo nikajua maana. Nilikuwa nyuma ya jiko nachambua maharagwe, na mama na Nelima walikuwa ndani. Ukuta wa udongo una nyufa na mama hakuwa mtu wa kunong'ona. "Hiyo maziwa si yake tena," alisema. "Iko na mwenyewe huko tumboni. Mtoto anaona ananyang'anywa, ndiyo maana anauma. Sisi tulijuanga hivyo tangu zamani. Mtoto akiuma ziwa, mwenzake anakuja." Nelima akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na anataka tu kulionja, "Lakini Simiyu si alienda hata mtoto hajakaza shingo?" Mama akajibu, "Na mimi ndiyo nakuuliza. Ni ya nani?" Kisha wakataja dereva wa trekta za miwa, kijana fulani aliyewahi kunisaidia kuinua mtungi barabarani, nikamwambia asante. Asante hiyo moja ndiyo waliyonijengea uzinzi. Nilibaki pale na ungo wa maharagwe mapajani, kwanza nikataka kucheka, kwa maana sikuwa na mimba hata ya kuota. Halafu nikaelewa kwamba jambo hili halichekeshi. Katika boma lile mke akipata mimba mume akiwa mbali, anarudishwa kwao na nguo zake, na mtoto wa ukoo anabaki. Walikuwa wanaongea habari ya kunichukulia Wafula.

Siku chache baadaye Simiyu alipiga simu kwa jirani, nikaitwa. Tulikuwa hatujaongea kwa muda mrefu na nilikimbia nikiwa na mtoto mgongoni, ndala moja imekatika. Hakuniuliza mtoto anakula nini. Alisema, "Mama anasema mtoto anakuuma."

"Anaota meno, Simiyu. Watoto wote wanaota meno."

"Mimi niko mbali, siwezi kujua."

"Kujua nini?"

Nikasikia watu wa kazini kwake wakigonga vyuma. Kisha akasema, "Kama kuna kitu, afadhali useme mapema." Nilimrudishia jirani simu yake mume wangu akiwa bado anaongea. Tumekaa pamoja miaka mingi tangu siku ile, ni baba mzuri kwa watoto, amenijengea nyumba ya matofali. Lakini sauti yake ya siku ile ninayo, na sina nia ya kuitupa.

Basi nikawa na kazi mbili: kuumwa, na kutosikika nikiumwa. Kila nilipopiga kelele, mama alitokea. Angekuwa shambani, angekuwa chooni, alitokea, akauliza lile lile, "Ameuma?", kisha macho tumboni. Nilianza kuuma pindo la leso mtoto akinyonya, mwanamke na mwanawe wote wanauma. Nilikuwa na hasira hata na Wafula, naye alikuwa kitu kidogo tu kisicho na akili. Aliniuma, nikaruka, akashtuka akalia, na baada ya siku kadhaa akaacha kulia. Akawa anauma, anatulia, ananiangalia usoni akingoja niruke. Niliporuka alicheka. Ndipo nikajua kwamba kelele zangu ndizo zilizokuwa mchezo wake, na ndizo zilizokuwa ushahidi wa nyanya yake. Nikaamua wote wawili wazikose.

Nilianza kumwangalia anyonyapo kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike. Akiwa na njaa hakuuma hata siku moja, kwa sababu hawezi kuvuta maziwa na kuuma kwa wakati mmoja, ulimi unakuwa umefunika meno ya chini. Aliuma mwishoni, akishashiba, anaposhikilia chuchu kwa ncha ya mdomo na kuanza kutazama kuku. Basi nikawa nampa kwanza kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya mtungi, akitafune mpaka ufizi upoe. Halafu nampakata karibu kabisa, tumbo lake kwa tumbo langu, mdomo umejaa. Nikiona kuvuta kumepungua na macho yameanza safari, naingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo, namtoa kabla hajafikiria. Akiniwahi, simvuti. Nausukuma uso wake kifuani kwangu kidogo tu, pua inabanwa, anaachia mwenyewe. Kisha bila neno, bila kelele, nafunga blauzi, namweka kwenye mkeka. Alilia kwa hasira, akanyoosha mikono. Nilimwambia, "Bwana, ukiuma sahani inaondoka." Hakuna aliyenifundisha, kwa sababu hakukuwa na wa kumwuliza. Kabla kiwanda hakijafunga kwa matengenezo, Wafula alikuwa ameacha. Vidonda vilikauka. Nikaanza kula tena, nikaanza hata kuimba nikiosha sufuria, nikijidanganya kwamba sasa yameisha.

Nilikuwa sijamjua mama mkwe. Tumbo langu lilikuwa bapa, na mtoto haumi tena. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye alikaa na jambo hilo kama siku tatu nne hivi, akilitafuna, kisha nikamsikia tena kupitia ufa ule ule, akiwa anapekecha mboga. "Umeona amenyamaza? Mtoto hamuumi tena. Ameitoa." Nelima akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. "Ameitoa, nakwambia. Ndiyo maana anaimbanga." Niliposikia hayo niliweka sufuria chini. Mtoto akiuma nina mimba, asipouma nimeua mimba. Hakukuwa na meno ambayo Wafula angeyaota yakanitetea. Siku hiyo ndipo nilipoacha kumwogopa yule mama na kuanza kumchukia, na chuki ilinisaidia, ilinisimamisha wima.

Jioni hiyo aliniita sebuleni. Hakuniambia nikae. Alikuwa anakula paja la kuku, na alilimaliza kwanza. "Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja kwa maombi," alisema. "Wakimaliza tutaongea maneno yako mbele yao. Halafu utaenda kwenu Mautuma. Mtoto atabaki, ni wa hapa."

"Mama, mtoto bado ananyonya."

"Ataacha. Hata kondoo wanaachanga."

Nilimwambia, "Huyu hataacha," nikatoka. Sikuwahi kumjibu hivyo kabla. Nilitembea taratibu, asije akadhani nakimbia.

Siku zilizofuata Nelima alianza kumpikia Wafula uji wa wimbi, mzito, na kumlisha akiwa amembana kwapani. Mtoto aliutema ukamwingia Nelima kwenye nywele. Nilifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi. Mama alimwambia Nelima anipelekee pilipili iliyotwangwa, nipake kifuani ili mtoto achukie. Yeye mwenyewe asingenishika, mkwe hamshiki mkwe kifuani, hilo alilichunga sana. Kunitenga na mwanangu kulikuwa halali, kunigusa ndiyo kungekuwa aibu. Nelima alinisukumia kifurushi cha majani kilichofungwa, nikakitupa kwenye moto mbele yake, na sote wawili tukakohoa mpaka machozi yakatutoka. Nilidhani nimeshinda hapo.

Jumamosi nilioga mapema. Kama nitasemwa, nilitaka nisemwe nikiwa msafi. Nilikuwa na blauzi moja nzuri, ya maua ya bluu, niliyoifua Ijumaa na kuianika kwenye kamba. Niliivaa. Akina mama walikuwa wameanza kufika, nikawapokea mikoba, nikawapelekea chai na nduma, nikasikia kifua kinawasha. Nikadhani ni jasho. Kisha kikaanza kuwaka. Wafula alikuwa analia njaa, nikaingia naye jikoni, nikampa. Alivuta mara moja. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia tena kwa mtoto yeyote, na nimezaa wengine watatu. Nikanusa kitambaa cha blauzi kwa ndani. Walikuwa wameiloweka kwenye maji ya pilipili, wakaikamua, wakairudisha kwenye kamba ikauke vizuri.

Nilikimbilia bafu la mabati nyuma ya nyumba, nikavua, nikajimwagia maji, na maji yalizidisha moto. Huku nyuma mama alikuwa ameshamchukua mtoto. Nilimsikia kupitia dirisha la sebule, sauti imependeza, ya mbele za watu: "Mnaona wenyewe. Hata mtoto amekataa maziwa yake. Mtoto anajuanga." Wanawake wakaguna. Wafula aliendelea kupiga mayowe, na mayowe hayo yalianza kumharibia mama mpango, kwa maana hakuna aliyeweza kusikia neno lingine. Akamtikisa, akamwimbia, akampa uji, akautema. Mwisho akafanya kile ambacho nyanya wote wa kwetu hufanya mtoto akilemea. Alifungua vifungo vyake, akatoa ziwa lake lisilo na kitu, akampa achezee. Mimi nilikuwa nimefika mlango wa nyuma, nimejifunga leso, maji yananitiririka. Nilimwona mwanangu akilishika lile ziwa kwa mikono miwili, mwenye njaa, mdomo unawaka, akavuta, akakuta hakuna. Akauma. Wakati huo alikuwa na meno manne, mawili juu na mawili chini.

"Mayi wee!" mama mkwe wangu alilia. "Ananiuma! Mtoeni! Ananiuma!" Alimvuta, na kumvuta kulimfanyia yale yale kulikonifanyia mimi. Niliujua uchungu huo kwa kila hatua yake.

Miongoni mwa wale wanawake alikuwepo mmoja anaitwa Rispa, mzee, mnene, mjane kama mama mkwe mwenyewe, wote wawili walizika waume zao zamani kabla Simiyu hajamaliza shule ya msingi. Habari zangu walikuwa wameshapewa zote kabla hawajafika, hilo niliona kwenye nyuso wakati napokea mikoba. Rispa aliweka kikombe chini. Akamtazama mama Simiyu aliyekuwa amejikunja na mkono kifuani, akasema bila kuinua sauti, "Haya, dada. Na wewe hiyo ni ya nani?"

Kisha mmoja akacheka, akajaribu kuziba kwa kitambaa cha kichwa, ikashindikana, na sebule nzima ikaanguka kwa kicheko. Wanawake wa maombi walicheka mpaka vitambaa vya kochi vikateleza sakafuni. Mwingine aliuliza kama ni ya yule dereva wa trekta. Nelima peke yake hakucheka, na wala mimi sikucheka, nilikuwa namtazama mtoto, ambaye Rispa alikuwa amemchukua na kumpangusa midomo. Rispa alinusa vidole vyake. Akavinusa tena, akageuka akamwangalia Nelima mpaka Nelima akaangalia chini. Kicheko kilikatika kimoja kimoja. "Binti," Rispa aliniita, na ni yeye wa kwanza katika boma lile kuniita kitu kisicho Mautuma, "njoo umchukue mtoto wako. Jipanguse na mafuta ya kupikia kwanza, maji hayaondoi pilipili."

Nikajipangusa. Nikarudi sebuleni nikiwa na leso, nikapita mkeka, nikapita kigoda, nikaketi kwenye kochi kubwa, kwenye kitambaa nilichokitia wanga mwenyewe. Wafula alisita, akanusa, akanionja kwa ulimi kama mtu mzima anayeonja chumvi, kisha akashika. Akina mama wakarudi kwenye chai yao. Rispa akauliza, "Mama Simiyu, si ulisema kuna maneno?"

"Hakuna," mama mkwe alisema.

Hakuniomba msamaha siku ile wala siku nyingine, na alipokuwa mgonjwa mwaka huu, nikimwogesha na kumgeuza kitandani, alikuwa na muda wa kutosha na akili timamu, akatumia muda huo kuniambia chai haina majani. Nilimhudumia kwa sababu nilikuwa mke wa boma. Kusamehe sikusamehe. Wafula analia kwa mtu aliyempa miwa iliyomenywa na kumbeba kwenda kanisani, na ana haki yake. Lakini ajue pia kwamba nilimnyonyesha mpaka akatembea, nikamnyonyesha mpaka akaongea, wakati maziwa yenyewe yalikuwa yamebaki kidogo tu. Kila jioni alikimbia kutoka uani akiita "Mama, nyonyo!", nami niliinuka jikoni, nikaenda kuketi kwenye kochi kubwa, mbele ya nyanya yake, nikafungua vifungo. Nyanya yake alikuwa akiinuka na kutoka nje, na sikumwambia akae.